Mafresha 46, walezi 8: tuwashike mkono wapi ili mwaka wa kwanza usiwaangushe?

katibu_wa_idara

Wakuu, salamu. Sisi ni viongozi wa wanafunzi, shahada ya ualimu masomo ya sanaa, chuo cha serikali hapa Dar. Mwaka huu idara imetukabidhi mafresha 46, na wenzetu 8 wa mwaka wa pili na wa tatu wamekubali kuwa walezi wao mwaka mzima. Wengi wa hao mafresha wanatoka mikoani na Dar hawana ndugu wa karibu. Upande wa mkopo wamechanganyika: wapo waliopata asilimia zote, wapo wa nusu, na wapo ambao majina hayajatoka na wanasubiri dirisha la rufaa.

Wiki ya utambulisho tunaijua. Ni hotuba juu ya hotuba: maktaba, zahanati, polisi, benki inayotafuta wateja, serikali ya wanafunzi. Ukimuuliza fresha siku kumi baadaye ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi iko wapi, hajui. Halafu matokeo yakitoka unaona sapu (mitihani ya kurudia kozi zilizofeliwa) tatu tatu.

Ninachotaka kutoka kwa mnaolifahamu jambo hili: ni nini hasa kinamwangusha fresha, kinatokea wiki ya ngapi, na mlezi afanye nini cha kushikika? Tafadhali mtu asiniambie "wahimizwe kusoma kwa bidii". Hilo wameshaambiwa na kila mtu tangu wapande basi.

---

kimbweta_cha_nyuma

Mkuu katibu, umeuliza vizuri ulipouliza "wiki ya ngapi". Mafresha wengi huanguka kati ya wiki ya tatu na ya nane ya semista ya kwanza, ila taarifa wanaipata baada ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Ukielewa hilo, nguvu za walezi wako utazihamisha kutoka wiki ya utambulisho kuzipeleka huko.

Chukua hesabu yenyewe. Vyuo vyetu vingi CA, yaani maksi za testi, semina na kazi za kuandika, ina 40 na UE ina 60. Ufaulu wa kozi ni 40 kwa jumla. Fresha aliyeingia UE na CA ya 14 anahitaji 26 kati ya 60 ili apate C. Si mlima. Lakini huyo huyo akitaka B+, ambayo inaanzia 60, anatakiwa apate 46 kati ya 60, zaidi ya robo tatu ya mtihani. Mwenzake mwenye CA ya 30 anaipata B+ hiyo hiyo kwa nusu tu ya UE. Hawa wawili wanaweza kuwa na akili sawa na wakasoma usiku uleule wa mwisho. Tofauti yao ilitengenezwa miezi miwili nyuma. Na vipo vyuo vinavyoweka kiwango cha chini cha CA. Ukiwa chini yake hata chumba cha mtihani huingii. Walezi wako wakisome kifungu hicho kwenye kanuni za mitihani za chuo chenu kabla ya kumshauri mtu yeyote.

Fresha ametoka kidato cha sita, ambako mtihani wa taifa unaamua karibu kila kitu. Miaka miwili amezoeshwa kwamba unaweza kulegea halafu ukakaza mwishoni. Mazoea hayo anakuja nayo chuoni bila kujua. Wiki mbili za kwanza anazunguka na usajili, chumba, mkopo, kitambulisho. Ukumbi wa mihadhara una watu nusu, kwa hiyo anaamini masomo hayajaanza. Mhadhiri ameshaanza, na mada hizo mbili za mwanzo ndizo zitakazoingia testi ya kwanza, ambayo mara nyingi huangukia wiki ya sita au ya saba.

Basi jambo la kwanza kabisa ambalo mlezi alifanye na fresha wake ni kozi autilaini, yaani karatasi ya mpango wa kozi. Kila kozi inayo. Achukue zote, akae naye mezani, na tarehe zote zihamie kwenye karatasi MOJA: testi, semina yake ya kuwasilisha, mwisho wa kukusanya kazi, na uzito wa kila kimoja. Karatasi ibandikwe ukutani juu ya kitanda. Fresha akiwa na kozi tano na karatasi tano tofauti ndani ya simu, lazima mbili zitagongana siku moja na yeye hatajua mpaka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Pili, semina. Mihadhara ya watu 600 hakuna anayekuhesabu, ila semina ina orodha ya mahudhurio na ina maksi. Mafresha wengi hukosa semina mbili za mwanzo kwa sababu hawajajiandikisha kwenye kundi, au wamejiandikisha kundi ambalo saa yake inagongana na kozi nyingine. Makundi mazuri hujaa mapema. Yule anayesema "nitaingia wiki ijayo" ndiye anayebaki na kundi la Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Tatu, saa za kusoma. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Gawanya kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Toa saa 3 au 4 za mhadhara na semina, zinabaki 4 mpaka 5 za kusoma mwenyewe. Kozi tano za namna hiyo ni saa 20 mpaka 25 kwa wiki nje ya darasa. Fresha ukimwambia "soma kwa bidii" anaitikia tu. Ukimwonyesha kwamba anadaiwa saa nne za wiki hii kwenye kozi fulani, na kwamba Jumanne kuanzia saa nne mpaka saa sita hana kipindi na kimbweta (meza ya kujisomea nje) kiko wazi, hapo ana kitu cha kufanya.

Nne, madesa, yaani notsi na majibu yanayorithiwa kwa waliotangulia. Desa la mwaka jana si haramu, ila lina hatari mbili: mhadhiri anaweza kuwa amebadilika, na desa lina majibu bila njia. Alitumie kujua mada zinakwenda wapi. Mitihani iliyopita ina faida kubwa kuliko desa kwa sababu inaonyesha swali linavyoulizwa. Aanze kuitafuta wiki ya nne, maktaba au idarani, asisubiri wiki ya kumi na nne.

La mwisho, waonyesheni GPA (wastani wa pointi za kozi zote) inavyojengwa. Mtu akipata A, B+, B, B na C kwenye kozi tano zenye krediti sawa, pointi ni 5, 4, 3, 3 na 2. Jumla 17, gawa kwa 5, ni 3.4, na hiyo ni lower second (daraja la pili la chini). Ile C moja ingekuwa B, jumla ingekuwa 18 na GPA 3.6, upper second (la pili la juu). Wala asitegemee kukuzwa: desimali inakatwa, 3.49 inasomeka 3.4. Kozi anayoidharau fresha kuliko zote, mara nyingi DS (masomo ya maendeleo) au ile ya stadi za mawasiliano, ndiyo huwa inamletea hiyo C. Krediti zake zinahesabiwa sawa na za nyingine.

---

chuo_si_chekechea

Mnawadekeza. Mtu mzima wa miaka ishirini anabandikiwa ratiba juu ya kitanda? Waacheni, wenye akili watajipanga, wengine wadisko (waondolewe chuo kwa kufeli). Ndivyo chuo kilivyo.

---

kimbweta_cha_nyuma

@chuo_si_chekechea, sapu haichagui asiye na akili. Inamchagua asiyejua utaratibu, na mara nyingi huyo ni mtoto wa kwanza ukoo mzima kukanyaga chuo. Mwenye kaka aliyemaliza juzi anaambiwa yote haya sebuleni kwao bure. Na kumbuka sapu hata ufanye uipate 80, matokeo yataandikwa C. Juu ya hapo hufanyika likizo ndefu, wakati bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) hakuna, kwa hiyo mtu wa Kigoma analipa nauli kwenda na kurudi pamoja na chakula cha mfukoni kwake kwa ajili ya kozi moja. Kumwelekeza mtu asifike huko si kumdekeza.

---

hesabu_za_bumu

Kimbweta amemaliza upande wa masomo. Mimi niongezee hela, maana nusu ya hao wanaokosa testi ya kwanza hawakosi kwa uvivu.

Kwanza wale wa mkopo. Mambo manne yanachelewesha pesa, na yote mlezi anaweza kuyakagua wiki ya kwanza. Akaunti ya benki iwe kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo lifanane herufi kwa herufi na lile la cheti cha kidato cha nne. Usajili wa chuo uwe umekamilika, kwa sababu Bodi ya Mikopo inalipa waliosajiliwa, haimlipi aliyepokelewa getini tu. Kozi ziwe zimesajiliwa kwenye mfumo wa wanafunzi. Halafu kusaini: tangazo likitoka aende siku hizo hizo akaweke kidole. Fedha isiyosainiwa muda ukipita hurudishwa Bodi, na kuifuata tena ni safari ndefu. Kuna fresha anaondoka kwenda msibani Iringa siku ya kusaini bila kumwambia ofisa mikopo. Mlezi amwambie mapema: kabla hujasafiri, pita ofisi ya mikopo utoe taarifa.

Bumu likiingia sasa. Tuchukue shilingi 10,000 kwa siku kwa siku 60, yaani 600,000. Kosa la hesabu linaanzia hapa, kwa sababu fresha anagawa kwa 60. Awamu inayofuata haiji siku ya 61. Agawe kwa 75, apate 8,000 kwa siku, na hizo ndizo fedha zake halisi. Kwa anayekaa nje ya chuo, mpango unaweza kuwa hivi: chakula 5,000 kwa siku, siku 75 ni 375,000. Nauli 1,200 kwenda na kurudi, siku za vipindi tuseme 50, ni 60,000. Fotokopi na kuprinti 40,000. Bando 40,000. Sabuni, dawa ya meno, pedi, vocha na takataka nyingine 35,000. Jumla 550,000. Inabaki 50,000 ambayo haiguswi mpaka mtu aumwe. Kama anapika na wenzake watatu, ile 5,000 inashuka vizuri, ila mjiulize nani anaosha sufuria, kwa sababu ushirika wa jiko hufia hapo.

Kodi ya chumba sijaiweka humo kwa makusudi. Anayepanga nje atatakiwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hiyo bumu haiwezi kubeba. Itoke nyumbani, na mzazi ajue hilo kabla mtoto hajapanda basi.

Mitego ya wiki ya kwanza ya bumu ni simu mpya, mikeka (kubeti) na kuwakopesha marafiki. Ile ya mwezi wa tatu wa semista ni mibaya zaidi: programu za mikopo ya simu na kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa). Anakopa 50,000, anakatwa "gharama" juu kwa juu, anarudisha zaidi ya alichopata ndani ya siku chache, na akichelewa wanapigia watu waliomo kwenye simu yake, akiwemo mama yake. Mlezi amwambie waziwazi, siku ya kwanza, kwamba ukikwama kwa chakula kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi na kuna jumuiya za dini na za mikoa. Aibu ya kuomba sahani ya wali ni ndogo kuliko ile ya kudaiwa kwenye grupu la familia.

Kwa wanaosubiri rufaa: dirisha lina siku chache na linafungwa kweli. Kinachowaangusha ni viambatisho. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama mzazi amefariki, viwe vimehakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Wa Zanzibar wanahakikiwa na wakala wao wa huko. Uhakiki wenyewe unachukua siku, kwa hiyo aanze sasa hivi, asisubiri tangazo la rufaa ndipo akumbuke kwamba cheti kiko kabatini kwa bibi Songea.

Kwa wale wa nusu mkopo au bila mkopo, wasijifiche. Waende ofisi ya fedha waulize kiwango cha chini cha kusajiliwa na tarehe za awamu. Anayehudhuria vipindi bila kusajiliwa anaweza kufanya testi zote na maksi zake zisiwe na pa kuingia. Na kila malipo yapite kwenye kontroo namba yake mwenyewe, risiti aihifadhi. Asimpe fedha mtu yeyote "amsaidie kulipia".

Nimesahau bima. Ada ya NHIF kwa mwanafunzi ni 50,400 kwa mwaka. Mwenye kadi hai kupitia mzazi aioneshe zahanati au ofisi ya usajili kabla hajalipa, wengi hulipa mara mbili bila sababu.

---

mama_bweni

Wanangu, mmesahau mahali wanapolala.

Aliyepata hosteli: siku ya kwanza wenzake wa chumba wakubaliane juu ya mambo matatu, taa inazimwa saa ngapi, wageni wanaondoka saa ngapi, na kubebana, yaani kumlaza kitandani kwako asiye na chumba. Kubebana msiwafundishe unafiki, wote tunajua kupo. Lakini wajue uzito wake. Wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu hawalali, asiyelala hasomi, na ukaguzi ukipita mwenye chumba ndiye anayepoteza nafasi. Kama fresha anabebwa kwa sababu hana pa kwenda, mlezi ampeleke kwa msimamizi wa hosteli aandikishwe kwenye orodha ya kusubiri. Nafasi hupatikana wiki ya tatu na ya nne, pale wanaohama vyuo wanapoziacha, na wanapewa walioandikishwa.

Anayepanga mtaani, Changanyikeni, Savei, Mabibo, popote: asilipe kabla hajakiona chumba kwa macho yake, na akione mara mbili, mchana na usiku. Usiku atajua kama kuna baa jirani na kama njia ina taa. Aulize maji yanatoka siku zipi, na LUKU ni ya chumba au ya nyumba nzima. Ikiwa ya nyumba nzima, pasi na jiko la umeme vitaleta ugomvi. Dalali ana mwezi wake mmoja, hiyo ni kawaida. Anayedai fedha ya "kukuonyesha" nyumba kumi ni mwizi wa muda wako. Mkataba uandikwe, na jina la mwenye nyumba lifanane na la anayepokea pesa.

Jambo la pili nataka walezi walisikilize vizuri. Kuna fresha anayeacha kuonekana. Dalili zake zinakuja kwa mpangilio: anaacha mihadhara ya asubuhi, halafu anaacha kula na wenzake, halafu anaacha kujibu grupu. Wengi mnadhani amepata mpenzi. Kabla hamjacheka, nendeni chumbani. Inaweza kuwa amefiwa, ana mimba, ameibiwa bumu, au amekata tamaa tu baada ya testi ya kwanza. Chuo kina mshauri nasaha na huduma yake ni bure. Mlezi asijifanye daktari. Kazi yake ni kumsindikiza mpaka mlangoni na kumsubiri nje.

Na kama hawezi kuendelea, kuahirisha masomo kwa barua ni tofauti kabisa na kutoweka. Anayeumwa apeleke cheti cha hospitali KABLA ya mtihani, au siku hiyohiyo kupitia mtu, na barua ipokelewe ipigwe muhuri, nakala abaki nayo. Anayekuja na cheti matokeo yakishatoka anahesabiwa amekwepa mtihani. Aliyeahirisha kwa utaratibu ana pa kurudi mwaka unaofuata.

La mwisho kwa mabinti, na hata vijana wa kiume. Mtu yeyote anayetaka mwili kwa ajili ya maksi anatenda kosa la jinai. Limo kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, na namba ya TAKUKURU ni 113, haikatwi salio. Asifute ujumbe hata kama unamtia kinyaa, huo ndio ushahidi. Ofisini kwa mhadhiri aende saa za kazi, mlango wazi, na ikiwezekana na mwenzake. Hili lisemwe kwenye kikundi kidogo na mlezi wa kike. Ukumbini watacheka tu.

---

peni_nyekundu

Shikamoo mama bweni. Mimi nina moja tu, lugha, kwa sababu maksi nyingi zinapotelea hapo na watu hawalioni.

Fresha wa masomo ya sanaa amesoma kwa Kiingereza miaka sita, ila alikuwa anaandikiwa ubaoni. Chuoni mhadhiri anaongea dakika mia na ishirini na ubaoni hakuna kitu. Anajaribu kuandika kila neno, anaachwa. Mfundisheni hivi: karatasi aikunje theluthi ya kushoto, asiandike chochote upande huo. Kulia aandike hoja na mifano kwa maneno yake, hata akichanganya lugha. Jioni hiyohiyo, dakika ishirini tu, upande wa kushoto aandike swali ambalo hoja ile inalijibu. Akifika wiki ya mtihani ana maswali yake tayari, anafunika kulia anajijibu.

Halafu vikundi vya kujadili. Hapa pana kosa ambalo karibu kila kikundi hulifanya. Wanakaa kwenye kimbweta, wanajadili kwa Kiswahili, wanaelewa kabisa, wanaondoka wamefurahi. Kwenye mtihani kalamu inagoma, kwa sababu wameelewa kwa lugha moja na wanaulizwa kwa nyingine. Msiwakataze Kiswahili, kinawasaidia kuelewa. Ila robo saa ya mwisho kila mmoja aandike aya moja ya Kiingereza kujibu swali walilojadili, wabadilishane, wasahihishane. Kikundi kiwe cha watu wanne au watano. Kikifika nane, watatu ni watazamaji.

Swali lenye "discuss" halitaki orodha ya pointi tano kama kidato cha sita. Linataka pande mbili na msimamo wako. Fresha anayemwaga pointi bila kuzipima anapata 9 kati ya 20 na anashangaa, maana "nilijaza kurasa nne". Mtihani wa saa tatu wenye maswali manne: dakika 40 kila swali, 20 za kusoma maelekezo na kupitia. Anayetumia saa nzima kwenye swali analolipenda anamalizia la nne kwa sentensi tatu.

Kazi za nyumbani: chuo kinapitisha kwenye Turnitin, na kunakili kunaonekana. Siku hizi wanatumia akili mnemba kuandika insha. Kinachowafichua mara nyingi ni vyanzo: mashine inabuni kitabu kisichokuwepo, mhadhiri anakitafuta hakioni, kazi inapata sifuri. Kanuni rahisi ya kuwapa: usitaje chanzo ambacho hujakifungua mwenyewe.

---

mkalenjin_wa_madaftari

Hamjambo wenzetu wa TZ. Huku Kenya CAT (kama CA yenu) ni 30 na mtihani 70 kwa vyuo vingi, kwa hivyo hesabu inatofautiana kidogo, lakini kuna ugonjwa mmoja sijaona mkiutaja, nao ni maksi kupotea. Mwanafunzi alifanya CAT, akaketi mtihani, lakini kwenye mfumo hakuna kitu, na anagundua mwaka wa nne akijaza fomu ya kuhitimu. Wakati huo mhadhiri alishahama. Wafundisheni hao vijana watunze kila karatasi ya testi iliyorudishwa, wapige picha kila kazi kabla ya kuikabidhi, na watie sahihi kwenye orodha ya mtihani bila kukosa. Namba ya usajili waiandike yote, pamoja na ile mikwaju na mwaka. Kosa la tarakimu moja linatosha kupeleka maksi kwa mtu mwingine.

---

katibu_wa_idara

Nawashukuru sana wakuu, na mama bweni shikamoo. @mkalenjin, huku nako lipo, mtu anakuta "incomplete" wakati aliketi mtihani.

Maswali mawili tu. Walezi 8 kwa mafresha 46, tukutane nao mara ngapi bila kuwachosha walezi, maana nao wana UE zao? Na je, mlezi amkopeshe fresha aliyekwama?

---

kimbweta_cha_nyuma

Mkuu, gawa vikundi sita vya watu sita na viwili vya watano. Usigawe kwa mkoa wala kwa dini, gawa kwa kundi la semina, ili mlezi akiuliza habari za kozi moja anawauliza wote kwa pamoja. Grupu la WhatsApp la watu 46 liwe la matangazo tu.

Kukutana mara tano kwa semista kunatosha, dakika arobaini kila mara. Wiki ya pili: usajili wa kozi umekamilika? Yumo kwenye kundi la semina? Mlezi afungue mfumo na fresha akiwa pembeni, asikubali jibu la mdomo, kwa sababu wengi wanasajili kozi na kusahau kubonyeza kitufe cha mwisho cha kuthibitisha. Wiki ya nne: ile karatasi moja ya tarehe, na mtihani uliopita mmoja kwa kila kozi. Wiki ya nane, baada ya testi za kwanza, ndicho kikao kizito. Usimuulize "unaendeleaje", atakwambia "poa". Mwambie akuonyeshe karatasi zilizosahihishwa, mtafute maksi zilipopotelea: hakusoma, hakuelewa swali, au muda ulimwishia. Kila moja ina dawa yake, na ukiona maksi chini ya nusu kozi mbili au zaidi, mpeleke kwa TA (mkufunzi msaidizi) wiki hiyohiyo. Wiki ya kumi na moja pitieni testi ya pili na hali ya mfukoni, maana ndipo ukame wa bumu unapokuwa mkali. Wiki ya kumi na nne CA zimebandikwa: kila mmoja alinganishe na karatasi alizotunza, na penye kasoro aandike barua kwa mratibu wa kozi kabla ya UE kuanza. Baada ya UE mhadhiri ana mabunda ya kusahihisha na wewe huonekani.

Kukopesha, hapana. Mlezi akidaiwa na kudai, ulezi umekufa, fresha ataanza kumkwepa hata njiani. Ampeleke mezani wale pamoja siku hiyo, kesho yake waende wote ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Na kwa wale wanaosubiri rufaa, mteue mlezi mmoja kati ya hao wanane awe anafuatilia matangazo ya Bodi kila asubuhi mpaka dirisha lifungwe.